Mzee Kasiani Hajahakikiwa

Jumatatu, 3 Machi
Tangu asubuhi naingiza wastaafu wa mfuko wetu wa pensheni kwenye programu mpya. Akaunti, kiasi, siku ya kuanza, halafu nachagua "rudia kila mwezi". Basi. Benki italipa yenyewe, hakuna tena kuandaa malipo upya kila mwezi. Sharti moja: mstaafu ahakikiwe kwanza kwamba yu hai. Amebaki Mzee Kasiani wa kijiji cha Mbingu, seremala wa zamani wa misheni. Nimepiga simu, kapokea mkewe, Mama Skola. Mzee yuko shambani.

Jumatano, 5 Machi
Nimepiga tena. Amelala. Jioni, ametoka. Nimeudhika. Bi. Rehema, mkuu wangu, anataka kazi iishe wiki hii.

Alhamisi, 6 Machi
Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda Mbingu kwa bodaboda. Matope matupu. Nilimkuta Mama Skola anapepeta mchele, anacheka na jirani. Nikampa shikamoo, akanipa kigoda. Nikasema nimekuja kumwona mzee, nimpige picha tu. Jirani akadakia: mzee si bado yuko Mahenge kwa ndugu zake, anauguza mguu? Nikaduwaa. Kwenye simu alikuwa shambani.

Jirani alipoondoka, Mama Skola akaniingiza ndani.

"Mwanangu, Kasiani tulimzika. Hukohuko Mahenge, kabla mvua hazijaanza."

Akanieleza yote.

Aliogopa pensheni itakufa na mzee. Kwa hiyo alirudi Mbingu akanyamaza. Hakuweka matanga. Hakuomba misa. Watu wakimuuliza hali ya mgonjwa, anawapa salamu kutoka kwake. Salamu za marehemu!

"Sijamlilia," akasema. "Nikilia watasikia."

Nikamwambia ipo pensheni ya mjane. Ni yake, kwa kanuni za mfuko wetu, maisha yake yote. Alinitazama kama nimemtukana.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, mama."

"Na nani alikuja kuniambia?"



Akatoka nje. Akasimama katikati ya uwanja, akapiga yowe ambalo sijawahi kusikia kwa mtu. Majirani walikuja mbio, wengine na majembe, wakidhani ni nyoka.

Ijumaa, 7 Machi
Nilipomweleza Bi. Rehema, nilidhani atataja polisi. Badala yake akauliza, "Wako wajane wangapi wa namna hii?" Hakuna anayejua, mimi wala yeye. Hilo limenishtua kuliko yote.

Malipo ya mzee nimeyasimamisha. Yaliyotoka baada ya kifo yatakatwa kidogo kidogo kwenye ya mjane. Amekubali. Fomu yake tumeianza leo, na wiki ijayo tunaanza kupita kijiji kwa kijiji, Namawala kwanza. Nina hasira. Sijui namkasirikia nani.

Jumamosi, 8 Machi
Matanga Mbingu. Jirani yule, kwa kudanganywa muda wote ule, hakuwa anaongea na Mama Skola, lakini ndiye aliyekuwa anasonga ugali. Nilimenya vitunguu na wanawake. Padri alikuja mchana.

Mama Skola alikuwa mkekani, kanga kichwani, sauti imekauka. Aliponiona, alisogea kidogo, akaniachia nafasi.

Nikakaa.