Wimbo wa Kamba Haujafungwa

Kaka Shija,

Shikamoo. Naiacha hapo kwanza, kama ulivyokuwa ukinifanyia ukitaka kunikasirisha: unanitazama, unatafuna muwa wako, na marahaba haitoki mpaka nipige mguu chini. Safari hii sipigi mguu. Nasubiri.

Nakuandikia nikiwa kazini, hapa Kagongwa. Umeme umekatika, mashine ya kukoboa mpunga imenyamaza, na wenye magunia wamekaa nje wakinilaumu kana kwamba nyaya nimezikata mimi karani. Kesho Deo, fundi wa studio ya Kahama, anataka jibu langu la mwisho kuhusu albamu. Jibu lenyewe linakuhusu wewe, na sina mwingine wa kumuuliza.

Hujui habari ya albamu. Ilianza baada ya duara lenu, lile shimo la machimbo, kutitia. Ngasa na wenzenu wengine walitolewa, tukawazika. Wewe hukutolewa. Watu walichimba mpaka udongo ukaanza kuwaangukia wao wenyewe, kisha wakaambiwa waache. Kwaya ya parokia ikasema itarekodi nyimbo za kuwafariji wafiwa, na kitakachopatikana kiende kwa wajane na watoto. Wacheza ngoma wa Didia wakaleta za kwao. Wachimbaji waliobaki wakasema hakuna albamu bila wimbo wa kamba. Mimi nikachaguliwa kuzikusanya zote, kwa sababu, kama mwenyekiti wa kwaya alivyosema mbele ya watu, "Kabula ni mwoga, hawezi kupoteza kitu."

Wewe ndiye uliyeanza kuniita mwoga. Unakumbuka kisima cha nyumbani? Ndoo ilizama, ukafunga kamba kwenye shina la mkwaju, ukajifunga kiunoni, ukaniambia kazi yangu ni kuimba tu. "Ukinyamaza nitajua umekimbia." Nikaimba nyimbo zote za kanisani mpaka zikaniishia. Nikahamia kwenye kuzidisha: mbili mara mbili, mbili mara tatu. Na wewe kutoka kule gizani unaitikia, "Nne! Sita!" Nilipofika saba mara nane ukajibu, "Hamsini na nne!" Nikakulilia kwa hasira, "Hapana, rudia!" Ukasema, "Mwalimu, nihurumie, maji ni ya baridi!"

Tangu siku hiyo saba mara nane haikuwahi kukuingia, au hukutaka ikuingie. Kila nilipokupigia simu machimboni nilikuuliza hiyo kwanza, na kila mara ulikuwa na jibu jipya.

Utaratibu wa wimbo wa kamba ulinieleza wewe mwenyewe, mwaka ule ulipokuja kutusaidia kuvuna. Aliye juu anaimba, walio chini wanaitikia, na mwenye winchi ya kuvutia kamba anajua kwamba wako hai. Kila anayefika juu anatajwa, fulani ametoka, na wimbo unaendelea. Ubeti wa kufunga unaimbwa mtu wa mwisho akishakanyaga juu. Nikakuuliza, je, mtu akiufunga kwa utani? Ulikuwa unacheka muda wote, lakini hapo uliacha. "Hakuna utani huo, Kabula."

Sauti yako ilikuwa kwenye simu yangu, ile uliyonirekodia ukiwa mdomoni mwa duara. Unaimba, na Ngasa anaitikia kutoka chini, kisha anakutukana: "Imba kama mtu, si kama mbuzi aliyefungiwa stoo!" Unacheka, unaimba tena, simu inakatika. Nikampa Deo.

Deo ni kijana wa mjini mwenye nia njema. Aliposikia wimbo unaishia hewani, aliwaomba wanakwaya waumalizie. Jumapili, baada ya misa, akatupigia wimbo huo ukumbini. Kwaya iliufunga vizuri, kwa sauti nne, mpaka kina mama wakaanza kufuta machozi. Ndipo Mhoja, aliyekuwa kwenye winchi siku ile, akasimama na benchi likaanguka nyuma yake.

"Nani amefunga?" alipiga kelele. "Nani amefunga huu wimbo? Bado kuna mtu chini!"

Deo akazima mtambo. "Samahani, mzee. Niliona kama haujaisha."

"Ndiyo, haujaisha!"

Ukumbi mzima ulitazama sakafu. Aliyeongea ni Mama Minza, mjane wa Ngasa. "Mhoja, kaa chini. Mume wangu alitoka. Alitoka amekufa, lakini alitoka, na hakuna aliyemtaja." Akamwambia Deo awashe mtambo na arekodi. Akasogea kwenye kipaza sauti, akasema, "Ngasa ametoka!" Wachimbaji wakaitikia, "Ametoka!" Sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Wakafuata wengine, kila nyumba na mtu wake. Nilikuwa nimesikiliza nyimbo za faraja kwa majuma mengi, kaka, lakini faraja yenyewe niliiona hapo: mtu anapanda jukwaani amejikunja na kushuka amenyooka.

Kisha macho yote yakahamia kwa mama yetu.

Mama huyu amekataa mkeka wa msiba utandikwe. Ugali wako bado anaufunika na sahani. Alitembea mpaka mbele, akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Maneno aliyosubiriwa kuyasema yalikuwa mawili tu. Niliogopa atayasema, na niliogopa hatayasema.

"Shija," alisema. "Itikia, mwanangu."

Akasubiri. Deo hakuthubutu kuzima. Alisikika mtoto mmoja akikohoa, na feni. Mama aliendelea kusubiri, ameinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya mtu akihisi kuna hodi mlangoni. Mwishowe nilikwenda kumshika mkono. "Hajaitikia," aliniambia, taratibu, kama anayeniambia kwamba muuza dagaa hajapita leo.

Basi albamu sasa inaishia hapo, na mwenyekiti hataki. Anasema watu wananunua faraja, halafu mwisho wake wasikie mama akiita na hakuna anayejibu? Anataka pakatwe. Au mimi, kwa kuwa mama ameshindwa, niende studio niseme kwa sauti yangu kwamba umetoka, kwaya ifunge, watu wapumzike. "Wewe umesoma, Kabula. Unaelewa."

Naelewa. Hilo ndilo linalonimaliza. Naelewa habari ya udongo na maji na hewa, nimezisoma zote, na mama hajazisoma. Asubuhi nilifunga mlango wa ofisi nikajaribu. Jina lako lilitoka. Neno la pili halikutoka, nikabaki nimeshika meza huku watu wakigonga dirishani wakitaka risiti.

Nilimpigia Mama Minza, nikamwuliza kama mwisho huo utamuumiza. "Wangu ametajwa," alisema. "Wako usimtaje kwa uongo."

Kwa hiyo kesho nitamwambia Deo asikate wala asifunge. Sijawahi kumkatalia mwenyekiti hata jambo dogo. Usidhani nafanya hivi kwa matumaini. Yamekwisha, kaka, nimeyatafuta kila mahali. Nikiisikiliza ile rekodi, mama anapokwisha kuita, naongeza sauti ya simu mpaka mwisho na kuibana sikioni, na kinachokuja ni feni tu. Narudia. Nitaizoea lini feni ile, sijui. Ila siku moja uliteremka kisimani ukiniamini kwamba sitanyamaza, na sitakuwa mimi wa kufunga.

Umeme umerudi. Wameanza kuniita, "Karani! Karani!" Mashine ikishanguruma hapa hasikiki mtu, kwa hiyo nakuuliza upesi kabla hawajaiwasha.

Saba mara nane, kaka? Hata ukikosea, jibu.

Mdogo wako, niko hapa juu,
Kabula