Mama, Nimeuvunja Ukingo wa Dirisha Lako

Mama yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili chako cha Unguja. Hapa Mutsamudu ulikitumia kunigombeza tu, na sasa natamani kugombezwa. Mjukuu wako ulimwacha anatambaa, leo anatembea. Lakini kifua chake kilikuwa kinakoroma, Mama, kama cha mzee. Ukuta wa chumba chetu uliota ukungu na godoro likawa linanuka.

Ni dirisha. Lile la mbele.

Unakumbuka? Huku mama humjengea binti nyumba, na lazima iwe tayari kabla bwana harusi hajaingia, nawe ulimsimamia fundi hadi akasahau kula. Alitaka kizingiti cha dirisha kwa nje kiinamie uchochoroni, maji yamwagike. Ukamwambia, "Kiiname, takia zangu ziwaangukie mbuzi?" Ulitaka wanawake wa ukoo waegemee pale na shiromani zao walizojifunika, wamtazame bwana harusi akiletwa. Basi akakujengea ukingo wa saruji kwa nje, takia zisiteleze. Zilikaa vizuri sana. Siku ile tu. Tangu hapo ukingo ukawa unakinga mvua kama bakuli, na maji yakikosa pa kwenda yanapita chini ya fremu mpaka kitandani.

Nilianza kwa kulaumu paa. Kisha mlango: ulivimba masika, mume wangu akauranda chini, kiangazi ukasinyaa na kuacha mwanya wa kupita panya. Nikaupigilia ubao. Maji bado. Mwishowe nikamweka Mama Mdogo ndani, mimi nikamwagia ukuta maji kwa kata, kutoka chini nikipanda. Nilipofika kwenye ukingo wako akapiga kelele, "Basi, mwanangu, umenilowesha!"

Mume wangu alikuwa ameshaondoka. Ofisi ya Wafaransa ilimpeleka Moroni, kisiwa cha pili, akaoa huko. Wifi yangu alinipa habari huku anakula wali wangu: "Nyumba ya mwenzio haina hata tone. Kwako kaka yangu alikuwa akilala na mwavuli." Akaomba na mchuzi.

Sasa ningechukia nini, Mama, kama si maji? Nikajiambia, nyumba ikikauka, atarudi.

Mama Mdogo alinishika mkono. "Huo ni mkono wa marehemu! Kaburi halijakauka, wewe unavunja kazi yake?" Nikamwambia kaburi halijakauka, na kitanda cha mtoto pia. Nikachukua tindo na nyundo, nikavunja mwenyewe. Nililia, lakini sikuacha. Fundi akaja akainamisha kizingiti kuelekea nje, kama alivyotaka siku ile, akaziba ufa kati ya fremu na ukuta. Angesema 'niliwaambia', ningempiga kwa nyundo.

Mvua zikaja. Nikaweka kiganja ukutani, nikangoja. Pakavu. Mtoto akalala bila kukohoa, mimi nikakaa namsikiliza tu, siamini.

Nikampa wifi ujumbe aende nao Moroni: mwambie nyumba imepona, aje. Wifi aliporudi alipitia kwangu kutoka bandarini, akapapasa ukuta, akainua hata godoro. "Kavu kweli, wifi. Hongera. Lakini kaka anasema kule ameshazoea." Nikamuuliza, hakumuulizia hata mtoto? Akatazama sakafu. Akasema bahari ilikuwa mbaya, amechoka.

Basi si maji, Mama. Wewe na ukingo wako mlionewa, nami nilikutukana moyoni mvua zote zile. Nisamehe.

Nyumba ni yangu, uliniachia mimi. Nimeshamwambia mjomba anisindikize kwa kadhi nikadai talaka yangu. Naogopa kidogo. Si sana. Bado mimi kijana, na napika vizuri, hata wifi anajua.

Lala, Mama. Mungu akupe mahali pakavu kuliko hapa. Nakuahidi mwanangu hatalala tena kwenye unyevu. Na siku mwanamume mwingine akibisha hodi, kabla sijafungua nitamuuliza: umekuja kwangu, au umekuja kwenye nyumba?

Binti yako