Mguu wa Laban

Alhamisi, 12 Machi 2020
Kisumu na kurudi Usenge — mwili wote vumbi. Mwanangu mchanga, Laban, amefungwa plasta ya tatu. Alizaliwa na mguu wa kushoto umegeukia ndani, na sasa unaanza kufuata njia. Bwana Bildad, fundi wa plasta pale kliniki, anaunyoosha kidogo kila wiki, anafunga, tunarudi. Samaki mkunje angali mbichi, husema kila Alhamisi. Utadhani methali ameitunga yeye. Bado plasta mbili, kisha daktari akate mshipa wa kisigino kwenye chumba cha upasuaji, kisha viatu vya chuma. Atatembea kama wenzake.

Alhamisi, 19 Machi
Plasta ya nne. Foleni ya kunawa mikono ndefu kuliko ya kliniki. Bildad amevaa maski, Laban akamlilia kama mgeni. Shule yetu imefungwa. Mwalimu bila wanafunzi! Angalau nina nafasi ya kliniki.

Jumatano, 25 Machi
Nimeharibu.
Jioni ya kuamkia kliniki tunalowesha plasta nyumbani — beseni, maji vuguvugu, inalainika, naibandua. Ndivyo tulivyofundishwa, mtoto asitishwe na msumeno wa kukatia plasta. Leo nikalowesha mapema ili tulale mapema. Mguu ulitoka mzuri jamani! Mama mkwe akauimbia. Kisha nikaenda dukani kuchukua simu niliyoacha kwenye chaji. Ujumbe wa Bildad, tangu asubuhi: Mama Laban, kliniki imefungwa juu ya korona, usitoe plasta.
Mikono yangu ilikuwa bado nyeupe kwa unga wa plasta. Nimelia njia nzima.

Alhamisi, 26 Machi
Nimepiga simu. Wanapokea walioumia tu — ajali, mfupa uliotokeza nje. Mguu wa kuzaliwa nao si dharura. Operesheni zote za kupangwa zimesitishwa, wodi yao inawekwa vitanda vya korona. Mpaka lini? Bildad akasema hata mkubwa wake hajui. Amenielekeza niunyooshe kwa mkono kila nikinyonyesha. Nafanya. Laban anadhani ni mchezo.

Jumatano, 8 Aprili
Unarudi ndani. Mama mkwe anasema ni mimi ninayeutazama sana. Halafu yeye mwenyewe ndiye analeta habari za mama fulani anayekanda kwa mafuta. Nikakataa, kukanda si kufunga. Tumenuniana. Baba Laban amekwama Nairobi, barabara zimefungwa. Kwa simu ananiambia nimsikilize Mama. Rahisi kusema ukiwa mbali.

Ijumaa, 17 Aprili
Bildad amepiga! Jumatatu anaingia wodi ya korona, na wakiingia hawarudi nyumbani. Ana bandeji za plasta. Kesho yuko Bondo kwa mamake, atafika hapa na pikipiki amfunge Laban, mguu usizidi kurudi mpaka atoke huko. Nikamwuliza kama ameshamgusa mgonjwa wa korona. Akasema hajui, siku hizi hakuna anayejua.
Nimesema aje.

Jumamosi, 18 Aprili
Nimemwambia Mama mkwe kwenye chai. Akaweka kikombe chini.
— Nyar Maseno, akasema. Huniita hivyo, binti wa kwetu Maseno. — Huyo mtu wa hospitali hataingia hapa. Mimi niko na presha, niko na sukari. Unataka kuzika nani?
Nikasema mguu hauwezi kungoja.
— Kilema anaishi. Maiti haiishi.
Ana haki. Hilo ndilo linaloniuma, ana haki! Lakini yeye hatakuwepo siku Laban akifika darasa la kwanza na wenzake wakaanza kumwiga anavyotembea. Mimi nimewafundisha watoto. Nawajua.
Amechukua kiti, amekaa langoni, leso puani. Amesema nikitoka kumkuta Bildad barabarani, nisirudi tena, mimi wala mtoto. Boma ni lake, mimi nimeolewa tu. Nimempigia Baba Laban, hashiki.
Bildad ametuma ujumbe, ameshapita soko. Naandika kitandani, Laban mapajani anarusha miguu. Wa kushoto unautazama wa kulia.
Pikipiki hiyo. Inapunguza mwendo. Mama anauliza kwa sauti, nani huyo?
Nimeshamvua Laban soksi ya kushoto, tayari kwa plasta.