Saa ya Maskati Mkononi mwa Mjomba

Jumapili, 3 Agosti 2025
Mjomba Abdulatif kashuka leo kutoka Kinole, mkono kautanguliza mbele kama umevunjika. Kumbe saa! Kapewa na tajiri wake wa Maskati alipostaafu. Inaonyesha siku, tarehe, mwaka mrefu na mfupi, mpaka mwezi wa angani. Haihitaji kurekebishwa hadi tufe sote, anasema. Mtu mwenyewe hana miadi yoyote duniani!

Hamza wangu ndiye fundi saa, kaisafisha, kaiseti. Kamwambia kwa adabu: kalenda hugeuka yenyewe usiku wa manane; usiku usibonyeze vitufe vya ubavuni, utavunja meno ya ndani. Mjomba kaitikia kama anayesikiliza. Jumapili ijayo wazee wa Hamza wanaleta posa, na kwetu Waluguru mjomba akikataa, mama hana neno. Nimetabasamu hadi mashavu yameuma.

Jumatano, 6 Agosti
Saa mbili asubuhi, mshale uko kwenye nane. Kawaida tu, hata mtoto anageuza kichwani. Mjomba hapana! "Saa yangu isome Kizungu kwa nini?" Kazungusha mishale mbele saa sita, mpaka inaonyesha saa zetu. Sasa usiku wa manane wa saa hiyo unaangukia magharibi, na kalenda inaruka hapo hapo. Jioni hii tunakula, yeye mkononi kashafika Alhamisi! Amosi jirani kacheka mpaka kapaliwa na ugali. Mjomba kanuna.

Alhamisi, 7 Agosti
Baada ya alasiri nimemkuta barazani na kijiti cha meno, anabonyeza vitufe airudishe siku nyuma, eti jioni isimwaibishe tena. Nikamwambia, Mjomba, kwa saa yako hiyo sasa ni usiku, mishale uliigeuza mwenyewe! "Binti, jua lote hili unaona usiku?" Kabonyeza. Kitu kikalia ndani — ka! Mshale wa siku umekwama. Kaitikisa. Kaipuliza. Kaipuliza, jamani!

Halafu: "Fundi wako kaniharibia saa." Mbele ya mama. Wenye posa anasema atawatimua.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane. Mji mzima uko kwenye maonyesho, mama kajifungia ndani analia. Nimempigia Hamza, nimemweleza yote. Niachie mimi, kasema. Haya.

Jumapili, 10 Agosti
Wageni wako sebuleni. Naandika jikoni, kahawa inapoa. Mshenga hajamaliza salamu, Mjomba kavua saa, kaitupa mezani. "Kwanza hili." Hamza kaifungua, kachungulia. Anajua! Mimi mwenyewe nilimwambia. Nikasimama mlangoni kusubiri aseme.

"Kosa langu, Mjomba. Niliifunga vibaya. Nisamehe."

Loo! Sauti kama ya mtoto aliyechelewa kuhesabu namba asubuhi shuleni. Wazee wake wakainamia mkeka. Mjomba kacheka, kampiga bega: "Huyu sasa ndiye mkwe! Posa nimepokea." Nilidhani wa kudharauliwa humu ni Mjomba tu, kumbe wako wawili! Mama analia tena, safari hii kwa furaha.

Hamza kaja jikoni, kanong'ona: nimefanya kwa ajili yetu. Nikamuuliza, na kesho Mjomba akivunja kingine, utakuwa umekivunja wewe? Tutaongea baadaye, kasema. Karudi mbio kukaa karibu na Mjomba.

Mama mdogo Mwajuma ananiita. Nikaulizwe kama nimeridhia, nijibu kwa sauti wote wasikie. Nimeinua sinia. Nimeliweka chini. Anaita tena, na sasa Mjomba naye anaita —