Mahubiri Chini ya Draya

Shoga, nimetoka saluni na nywele hazijakauka. Pale sirudi tena.

Si unakumbuka Jumapili mchungaji alivyotusema, eti tunamficha Yesu kama simu ya wizi? Mimi nikawaka moto. Leo niko chini ya draya, nikamwita yule msusi wangu, nikamnong'oneza taratibu kabisa: dada, mpokee Yesu, mimi amenibadilisha.

Saluni nzima ikageuka kunitazama.

Msusi akazima draya. "Dada, kumbe umeokoka? Tangu lini?"

Tangu lini. Mimi, mwanakwaya.

Nikamwambia ni miaka kumi sasa. Akajishika kiuno. "Basi tusamehe. Sisi hapa kila Ijumaa tunafunga, tunakuombea uokoke."

Tunakuombea uokoke. MIMI.

"Na humo usidhani unanong'ona," akaniambia, "hiyo mashine inakuziba masikio, unapiga kelele bila kujua. Siku zote tunasikia umbea wako. Mke wa mchungaji na mawigi yake, wifi yako, yote."

Yaani moto wote ule umenipeleka kuwahubiria watu wanaofunga kwa ajili yangu.

Na wewe acha kucheka. Wanakuombea pia, tena kwa jina. Usiniulize wamekujuaje.