Kiti cha Kulia cha Gari Jekundu

Kamanyola, 12 Mei 2024

Mutoto wangu Joviale,

Nakusalimia wewe na maman yako na wote wa parseli, pale nyumbani. Mimi niko muzima. Magoti yamependa joto ya huku, lakini masikio yamekataa kazi, kwa hiyo simu tuiache. Andika barua, umupe Chrispin wa taksi-busi, yeye anapita hapa kila siku.

Sikia. Nataka kuuza ile gari yangu, Triumph ya 1961. Niko huku miaka miwili sasa, na gari bila dereva inageuka nyumba ya kuku. Andika tangazo nzuri, ubandike kwa parokia. Sema inatoka Ulaya, iko nyekundu, na moteur nimeifungua na kuifunga mwenyewe mara kumi na moja. Iende mbele ya mvua ya Septemba kuanza, sababu kapoti, ile paa yake ya turubai, ilishaoza zamani. Mambo ya kuku usiandike.

Koko yako Françoise, muke wangu, usimuambie kwanza.

Koko wako,
Raphaël


Bukavu, 19 Mei 2024

Mpendwa Koko,

Nakusalimia kwa heshima, nikitumaini magoti yanaendelea vizuri. Sisi wote ni wazima. Koko Françoise hakusema nikusalimie, ila aliuliza kama una blanketi.

Naomba msamaha kwa jambo moja. Miwani yake imevunjika, hivyo barua yako nilimsomea kwa sauti, na lile la kutomwambia lilikuwa mwishoni kabisa. Aliendelea kuchambua maharagwe.

Nimeliosha gari. Ndani ya kisanduku chake nilikuta daftari ambamo uliandika majina ya mabibi harusi wote wa mtaa uliowapeleka kanisani. Ni sitini na mmoja. Maman ameniambia kwamba, kwa kuwa viti ni viwili tu, bwana harusi alikuwa anafuata nyuma kwa miguu. Sikulijua hilo.

Tangazo nimelibandika leo Jumapili. Sista Delphine, mwalimu wetu, anasema muuzaji mwema hutaja kasoro kabla mnunuzi hajaziona. Niliandika hivi:

GARI LINAUZWA. Triumph ya 1961, kutoka Ulaya. Jekundu, ila upande wa kushoto limepauka. Halina paa, mvua ikinyesha utalowa. Linawaka likisukumwa. Kiti cha kulia kimebeba mabibi harusi sitini na mmoja na hakuna aliyechelewa. Kuku watahamishwa.

Mjukuu wako,
Joviale


Kamanyola, 26 Mei 2024

Mutoto wangu Joviale,

Salamu nyingi. Afya iko, asante. Nilisema nini juu ya kuku? Chrispin alisoma tangazo pale parokia, akalisema kwa sauti ndani ya taksi-busi, na sasa Kamanyola yote inaniuliza kama mayai yanauzwa pamoja na gari.

Blanketi ninayo. Muambie.

Na tena: yeye alisema nini? Kuchambua maharagwe siyo jibu. Mimi ninamujua, akinyamaza iko mbaya.

Koko wako,
Raphaël


Bukavu, 9 Juni 2024

Mpendwa Koko,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi ni wazima, na mitihani inakaribia.

Tangazo limeleta watu wengi, lakini siyo wanunuzi. Ni wanawake wa daftari lako. Mama Rosette, wa kumi na nne, alitaka kukaa tena mahali pake. Kuingia aliingia, kumtoa ndiyo ilikuwa kazi ya watu wanne. Alicheka hadi machozi.

Kisha alifika Papa Xavier wa Bagira, mtu mpole. Anataka naye kubeba mabibi harusi, akakubali bei yako bila kubishana. Jana alirudi na fundi wake. Tulipofungua lango, Koko Françoise alitoka nyumbani na kitenge chake cha sikukuu na mkoba mkononi, akaingia kwenye kiti cha kulia, akafunga mlango.

“Maman,” Papa Xavier akasema, “tunaomba ushuke tuangalie viti.”

“Angalia kile kingine.”

“Lakini ninanunua vyote viwili.”

“Hiki hakiuzwi. Sijakikalia bado.”

“Maman, si umekikalia sasa?”

“Gari limesimama. Kukaa kwenye gari lililosimama, hata kuku wanaweza.”

Fundi aligeuka upande ili asicheke mbele yake. Papa Xavier alivua kofia na kusema atarudi mambo ya nyumba yakitulia.

Jioni Koko Françoise aliniambia kwamba mabibi harusi wote hao aliwapikia yeye. Alisema ng'ombe wa mahari ulileta wote mwaka 1976, hana deni nawe, lakini kanisani hukumpeleka kamwe. Kila mwaka ulisema, “Ngoja nimalize huyu mmoja.”

Sijui kama ninakosea kuuliza, Koko. Kwa nini daftari halina jina la sitini na mbili?

Mjukuu wako,
Joviale


Kamanyola, 16 Juni 2024

Mutoto wangu,

Nakusalimia. Niko muzima, lakini usingizi ulikimbia.

Nitakujibu kweli, usicheke. Bibi harusi anakaa kulia, dereva anakaa kushoto, bwana harusi anafuata kwa miguu. Nikiwa bwana harusi mimi, nani ataendesha? Gari ile haijaendeshwa na mutu mwingine tangu muzungu wa shamba ya kwinini aliponiachia. Nilitafuta jibu, miaka ikapita, kisha nikaona haya, na haya ndiyo ilinileta huku. Magoti ilikuwa sababu ya kusema kwa watu.

Koko wako,
Raphaël


Bukavu, 20 Juni 2024

Mpendwa Koko,

Salamu kutoka kwetu wote. Barua yako niliisoma kwa sauti, safari hii kwa makusudi. Koko Françoise alicheka mpaka akaweka ungo chini. Nanakili jibu lake neno kwa neno:

“Mwambie aendeshe mwenyewe. Wanakataza bwana harusi kumwona bibi harusi kabla ya kanisa ili asishtuke. Huyu ameniona miaka arobaini na minane. Atashtukia nini?”

Padri Christophe anasema tarehe 20 Julai, saa nne asubuhi, kuna nafasi. Nimeuliza tu. Sijaahidi.

Mjukuu wako,
Joviale


Bukavu, 30 Juni 2024

Mpendwa Koko,

Natumaini u mzima. Chrispin hakuleta barua yoyote. Alileta koti lako jeusi, akasema, “Muzee anaomba lipigwe pasi.”

Tumelipiga pasi. Koko Françoise amelitundika nyuma ya mlango wake, na kila akipita analishika mkono kidogo.

Kuku tumewahamisha.

Mjukuu wako,
Joviale


Kamanyola, 28 Julai 2024

Mutoto wetu Joviale,

Tunakusalimia sisi wawili, na wote wawili tuko wazima. Asante kwako na wenzako mliotusukuma mpaka mulango wa kanisa. Gari iliamua kuwaka tulipotoka, kama kawaida yake.

Tulishuka milima ya Ngomo polepole mpaka huku. Vumbi iliingia hata kwenye meno. Koko yako alishika kofia kwa mikono miwili na alikuwa anaimba. Masikio yangu haya yalimusikia.

Muambie Papa Xavier neno langu ni neno, gari ni yake. Lakini Françoise alichukua daftari, akaandika jina lake chini ya wale wengine, herufi kubwa, akanionyesha. “Hao sitini na moja uliwapeleka mara moja moja,” alisema. “Mimi ni bibi yako wa ndoa. Utanipeleka mara zile zote, ndipo uuze.”

Leo tumefika safari ya sita, sokoni nako kukihesabiwa. Papa Xavier angoje. Akiwa na haraka, aje tusukume pamoja.

Koko wako Raphaël, kiti cha kushoto
Koko yako Françoise, kiti cha kulia