Mama Robi na Shanga Alizoziita kwa Majina

Nyamwaga, Tarime, 1957

Ni mwaka mzima sasa, Mama Robi, tangu utoke nyumbani ukiwa umebebwa, bila hata kutuaga. Mioyo yetu haijapoa.

Ulikuwa mtu wa watu. Mgeni hakutoka kwako na njaa, wala mvivu hakutoka bila kutaniwa. Nasi tulikutania kwa zile shanga kubwa za manjano za kaharabu, utomvu wa mti uliogeuka jiwe, ulizozifuata kwa miguu hadi Gorong'a kila palipokuwa na msiba wa mwanamke mzee. Ulipeleka kuku mzima, ukarudi na ushanga mmoja wa marehemu. Tukasema umerogwa.

Abdurahmani, mwenye duka pale Tarime, aliuchoma mmoja kwa sindano ya moto. Haukutoa harufu ya ubani. Ulinuka dawa ya hospitali. Akakueleza kwa upole kwamba hizo ni bandia, za kiwandani. Ukamjibu, "Sasa kama ushanga ni wa uongo, na marehemu aliyeuvaa naye alikuwa wa uongo?"

Kila ushanga uliuita kwa jina la mwenyewe. Jioni ulimshikisha Robi, binti yako wa pekee, ule uzi, naye akayataja majina kwa mfuatano kuanzia kwenye fundo. Ulisema siku ya harusi utamvisha, aende na mama zake wote.

Ulipofariki, wifi yako Agustina alifuata desturi ya nyumbani kwetu: alikata uzi shingoni mwako ili uende bila kufungwa. Shanga zikatawanyika sakafuni. Robi alipofika kutoka Mugumu alizikuta kwenye kibuyu, zimechanganyika. Majina yote anayajua, ila hajui tena upi ni wa nani. Hakumlaumu mtu. Kaburini alilia, juu ya kile kibuyu alilia zaidi.

Amezunguka nazo vijijini. Mzee Nyangwine peke yake alitambua mmoja, kwa alama ya jino la marehemu mkewe. Aliufumbata, akashindwa kuurudisha hadi jioni. Zilizobaki hakuna aliyezitambua.

Mwezi uliopita Robi aliolewa. Alizitunga mwenyewe, maana mkono wa kumfungia haupo. Kwenye fundo aliweka ushanga mmoja asioujua ni wa nani, akauita Bernadetha, jina lako. Hapo ndipo anapoanzia sasa.

Tunaokulilia ni mumeo Joram. Robi na mumewe Mniko. Baba mkwe wako Heche. Na Agustina, ambaye hajashika mkasi tena.

Daima tutakutaja.